Mwenyekiti wa Wapiga Mbizi Ameokolewa Bwawa la Watoto

Mwenyekiti wa safari yetu ya kupiga mbizi Diani ameokolewa leo kwenye bwawa la watoto.

Maji yalimfika kiunoni.

Tuko wanne, wote wa Thika, na tulikubaliana kwenda wenyewe bila kampuni ya utalii. Kabla hatujatafuta hata mwalimu, Njoroge alitaka kamati. Akajipa uenyekiti, akachapisha fulana yenye cheo mgongoni. Nikimuuliza kama anajua kuogelea, ananijibu, "Wacha woga, mimi nimezoea maji."

Leo nikawaita kwenye hoteli moja yenye bwawa huko Ruiru tujaribu kuogelea.

Njoroge aliingia, akateleza, akaanza: "Woi! Nakufa!"

Mama mmoja aliyekuwa na mtoto wake akamshika mkono. "Simama tu, baba. Simama."

Akasimama.

Nilidhani ataona haya. Badala yake, akiwa bado anakohoa, akaitisha mkutano pale pale na kupendekeza niondolewe kwenye safari kwa kumwaibisha kiongozi.

Wale wawili wakainua mikono. Watu wazima, wakiwa na kaptura za kuogelea!

Nimeshampigia simu mwalimu mmoja wa kupiga mbizi kule Diani. Naenda peke yangu, kamati iendelee kukutana.

Hebu niambieni ukweli: nyinyi mngeinua mkono?