Tangi Pana la Kamenu

Nakumbuka siku lilipoletwa lile tangi jipya shuleni kwetu Kamenu, mwanangu, nikasimama kando yake nikiringa utadhani nimelizaa. Nilikuwa mwalimu kijana wa fizikia. Bweni la wasichana lilikuwa ghorofani, na maji ya bafu za juu yalitoka kwa kudondoka tu. Mwalimu mkuu aliponiomba ushauri, nilimjibu papo hapo: tuweke tangi kubwa zaidi, maji yakiwa mengi yatasukumana yenyewe. Likaja, pana kama chumba, likawekwa palepale chini lilipokuwa lile la zamani.

Bafuni maji yakaendelea kudondoka.

Cheka tu, mimi pia hucheka siku hizi. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimeandika kanuni ya presha ya maji ubaoni, na wasichana wa kidato cha pili wakaikariri kwa sauti moja. Kanuni ile inataja kimo cha maji. Upana haumo kabisa. Niliifundisha vizuri sana, na sikuwa nimeielewa.

Mzee Kamau, fundi wetu wa mabomba, alinikuta nikilizunguka lile tangi.

"Mwalimu, wewe maji unaijua kwa ubao," akaniambia. "Hao wasichana ndio wanaoga nayo. Watoe nje waitafute shida iko wapi. Na usiwaambie jibu."

Nilikasirika, sikufichi. Fundi wa mabomba anifundishe kazi yangu! Lakini jibu lenyewe la kuwaambia sikuwa nalo.

Basi nikaingia darasani bila noti, nikaandika swali moja: kwa nini maji hayapandi bwenini? Kelele zilizozuka hapo zilimleta naibu wa mwalimu mkuu dirishani. Walipima ngazi kwa kamba, wakabishana, wakalowa. Aliyewaongoza ni Nyambura, msichana ambaye muhula huo alikuwa ameomba kuacha fizikia, nami nikatia sahihi fomu yake bila hata kuinua macho. Alitoboa mtungi wa mafuta ya kupikia na chupa nyembamba ya maji, tundu sawa, kimo sawa, akavijaza hadi alama moja. Maji ya mtungi na ya chupa yaliangukia mahali pamoja sakafuni. Akaongeza maji kwenye chupa pekee, na sasa ile chupa nyembamba ikarusha maji mbali kuliko mtungi.

"Kumbe ni kimo, Madam, si wingi!" akasema. "Sasa nani aliambia shule ilete tangi kubwa?"

Ningeweza kusema sijui, na hakuna ambaye angejua.

"Ni mimi," nikasema.

Nilingoja wanicheke. Nyambura alinitazama kidogo, akakung'uta maji mikononi.

"Basi si tuipandishe tu, Madam?"

Mzee Kamau alijenga mnara wa kulipandishia tangi kwa mawe ya kuchonga ya Ndarugo, wasichana wakimpimia kimo wenyewe. Siku maji yalipotoka kwa nguvu bafu za juu, bweni zima lilipiga vigelegele, na Nyambura akaja ofisini kuiomba fomu yake airarue. Mzee Kamau ametangulia mbele za haki, na hadi leo namshukuru kila nifunguapo bomba.

Jumatatu unaanza kufundisha Ruiru, mwanangu, na najua umeshaandika noti nzuri. Ziweke kwanza. Wape wanafunzi shida wanayoishi nayo, waache wahangaike, wakosee, wapime tena. Kanuni wataifikia, na wakiifikia hivyo hawataisahau. Na usimtilie mtoto sahihi ya kuacha somo kabla hujampa kitu cha kushika mikononi.

Mungu akubariki na darasa lenye kelele. Akupe fundi wa kukukemea ungali kijana. Na siku Nyambura wako atakapouliza ni nani aliyekosea, akupe nguvu ya kuinua mkono useme ni wewe.