Kaburi la Uani

Juzi nimeona kwenye simu picha ya nyumba ya Wabelgiji, ile ya mlimani juu ya Uvira. Imepakwa rangi, kaburi dogo la uani limesakafiwa upya, na bango limeandikwa: "Urithi wetu."

Alasiri moja ya utoto wangu nilipita hapo na nyanya, tukitoka kuuza maziwa Mulongwe. Mikaratusi ilinukia. Nyanya akalitemea mate kaburi lile. Kwetu wazee walitutemea mate wakitubariki, basi nikadhani anabariki.

"Nyanya, ni babu iko humu?"

"Babu yako alikufa mu njia, akibeba madamu mu kiti kumupandisha huku. Penye walimuzika hatupajue. Humu iko imbwa ya madamu."

Urithi wetu! Mbwa amejengewa kaburi mara mbili. Babu hana hata jiwe.