Wasomi Waliokuwa Likizo

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kifutio na rundo la madodoso, nikaambiwa nianze kusafisha. Mkuu wa Kitengo wa wakati huo alikuwa mzee mrefu, mpole, mwenye shati lililopauka kwenye kola. Mimi nilikuwa nimetoka chuo na cheti changu cha takwimu, nikadhani ananituma kufagia ofisi. Kumbe kusafisha, katika kazi yetu, ni kupitia majibu yaliyotoka vijijini na kuondoa yasiyowezekana: mtoto mwenye umri mkubwa kuliko mama yake, mwanamume aliyejaza kuwa ananyonyesha. Nilicheka peke yangu mpaka Mkuu akanitazama juu ya miwani.

"Majibu ya namna hiyo hayana shida, binti," alisema. "Yanajionyesha yenyewe. Ogopa yale yanayopendeza."

Sikumwelewa, na kusema kweli sikujali. Nilikuwa na meza, nilikuwa na mshahara, na Dodoma ya siku hizo ukiwa na vitu hivyo viwili ulijiona umefika.

Baadaye nilihamishiwa kwenye utafiti wa kufuatilia wahitimu wa chuo kikuu: wamemaliza masomo, wako wapi, wanafanya nini. Nyinyi mnaosoma sasa pale chuoni Chimwaga mtashangaa nikiwaambia kwamba zamani swali hilo lilikuwa jepesi. Serikali ilikusomesha, na serikali ikakupangia kituo. Barua ilikuja, ukafunga sanduku, ukaenda ulikopelekwa, hata kama ni mwisho wa nchi. Kwa hiyo dodoso letu halikuuliza kama mhitimu ana kazi. Liliuliza amepangiwa wapi, na chini yake kulikuwa na misimbo, yaani namba zinazosimama badala ya majibu: wizara namba yake, shirika la umma namba yake, shule namba yake. Mtu asiye na kazi hakuwa na namba kwa sababu mtu wa aina hiyo hakutegemewa kuwapo.

Kisha zikaja zama za soko huria. Mashirika yakauzwa, watumishi wakapunguzwa, na barua za kupangiwa vituo zikakoma kimya kimya. Hakuna aliyepita vijijini kuwaambia wazazi kwamba utaratibu umebadilika. Nchi nzima mabadiliko yakaonekana, isipokuwa kwenye majedwali yetu. Majedwali yalisema wahitimu karibu wote wako kazini. Mkurugenzi, ambaye alipenda majedwali yake yatoke bila mikwaruzo, alifurahi. Mimi nikakumbuka maneno ya yule Mkuu wa zamani, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshastaafu, nikaomba gari niende kufanya ukaguzi wa marejeo. Huo ni utaratibu wa kurudi kwa baadhi ya wahojiwa na kuwauliza upya, uone kama jibu ni lile lile.

Tulianzia Mpwapwa, tukapita Kongwa, tukamalizia Kondoa, mimi na Afisa Takwimu wa Mkoa, mtu wa maneno machache aliyependa kahawa. Katika kijiji kimoja cha milimani tulifika kwa mzee Hamisi, mkulima wa uwele na mwadhini wa msikiti wa pale. Mwanawe Iddi alikuwa na shahada ya hisabati, na kwenye dodoso letu alikuwa mtumishi wa wizara. Nilimkuta nyumbani, suruali ameikunja magotini, anatoa samadi zizini. Alinawa mikono, akaja kuketi nyuma ya baba yake.

Hapa lazima niwaeleze jambo, maana wadadisi wa leo, hawa wanaopita na madodoso, hawalijui. Mdadisi alipoingia kwenye mji wa watu, alizungumza na mwenye mji. Kumruka mzee na kumuuliza kijana wake lilikuwa tusi, na kijana kumsahihisha mzee mbele ya wageni lilikuwa tusi kubwa zaidi. Hata kitabu chetu cha maelekezo kiliruhusu mkuu wa kaya ajibu kwa niaba ya watu wake.

"Iddi anafanya kazi wapi, mzee?" niliuliza.

"Wizarani, Daressalama."

"Mbona yuko hapa?"

"Yuko likizo."

Alilisema kwa utulivu kabisa. Nami nikaandika, kwa sababu kanuni ya takwimu za kazi ni kwamba mtu aliye likizo anahesabiwa yuko kazini. Kanuni yenyewe ni nzuri, imetungwa na watu wenye akili zao. Tulipokuwa tunarudi garini, mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika alizeti alimwita Iddi kwa mbali amsaidie gunia, akaongeza, bila kebehi yoyote, "Wewe si uko likizo bwana, una nafasi." Kijiji kizima kililitunza lile neno la mzee kama lao. Afisa wa Mkoa alipopandisha kioo akaniambia, "Huyu yuko likizo tangu nihamie mkoa huu. Na hayuko peke yake."

Nilirudi Dodoma nimejaa hasira. Niliandika mapendekezo ya kurekebisha dodoso, nikaingia nayo kwa Mkurugenzi. Niliomba mambo mawili tu: msimbo wa asiye na kazi, na mhitimu ahojiwe peke yake, mbali na wazazi. Na safari hii palikuwa na sababu ya kuharakisha. Wakubwa wa elimu walikuwa wameahidi kwamba wilaya itakayoonekana kuwa na wahitimu wasio na kazi itapewa nafasi za ualimu wa muda, na wahitimu hao ndio watakaochukuliwa kwanza. Sekondari iliyokuwa bondeni, chini ya kijiji cha kina Iddi, haikuwa na mwalimu wa hisabati.

Mkurugenzi alisoma mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuitwa na wakubwa.

"Bi. Mwaluko, unataka nimtoe mzee wa watu kwenye baraza lake ili tumhoji mwanawe kama mshitakiwa? Viongozi wa vijiji watatufukuza."

"Wakikaa pamoja hawatasema kweli, mkurugenzi."

"Watasema. Ongeza swali: likizo inaisha lini. Mtu akibanwa hapo atakosa la kujibu, utamwandika hana kazi. Huo msimbo wako nakupa, lakini kwa majaribio, mkoa huu peke yake. Ukirudi mtupu, tunaufuta."

Kwa hiyo swali lile halikuwa langu, lakini mdomo uliolipeleka Kondoa ulikuwa wangu.

Mzee Hamisi alitupokea vizuri kuliko mara ya kwanza. Tulikula ugali wa uwele na maziwa ya mgando, tukaulizana habari za mvua. Nilipofika kwenye lile swali sauti yangu ilishuka yenyewe.

"Likizo ya Iddi inaisha lini, mzee?"

Mzee alifungua mdomo, akaufunga. Alianza kuhesabu jambo kwa vidole, akaacha. Nimewahoji watu wengi maishani, waliofiwa, waliofilisika, lakini sijaona uso ukivuliwa nguo namna ile. Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo Iddi, ambaye hakuwahi kusema neno mbele yetu, akajibu kutoka nyuma.

"Mwezi ujao."

Mzee akashusha pumzi. "Ndiyo," alisema. "Mwezi ujao anarudi kazini."

Iddi alitusindikiza mpaka kwenye gari. Nilimwambia Afisa wa Mkoa atangulie kuingia, nikabaki naye.

"Iddi, hapa mzee hayupo. Niulize tena?"

"Dada, ile nafasi ya hapo sekondari naitaka," alisema. "Naitaka sana. Nimeshawaandalia wanafunzi na masomo."

"Basi sema."

Alitazama kule msikitini. "Nikisema, nafasi ikija mtendaji wa kijiji ataitangaza mkutanoni, na sababu yake ataitaja. Mzee ndiye anayeadhini hapa. Kila alfajiri awe anawaita watu waliokwisha jua kwamba aliwadanganya? Niandike likizo."

Nilimkasirikia. Nilimkasirikia yeye, na baba yake, na Mkurugenzi wangu, na serikali iliyobadilisha njia bila kuwaambia waliokuwa njiani. Lakini mdadisi huandika jibu la mhojiwa. Niliandika likizo, na tarehe ya kurudi nikaandika mwezi ujao.

Karibu kila nyumba ikawa vivyo hivyo. Waliokubali ule msimbo walikuwa wachache mno, wengi wao yatima, watu wasio na wa kumwaibisha. Mkurugenzi alichukua kalamu nyekundu akaukata mbele yangu. "Umeona mwenyewe," aliniambia, bila ubaya. "Tatizo lako halipo." Utafiti wa taifa ukaenda bila msimbo huo, Kondoa haikupata hata nafasi moja, na sekondari ile ya bondeni ikaendelea bila mwalimu wa hisabati.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja ya vumbi, mlinzi aliniambia nina mgeni. Nilimkuta mzee Hamisi kwenye benchi la nje, kanzu safi, kofia mkononi. Alikataa chai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ile karatasi mliyoandika kwangu iko hapa?"

"Iko ghalani, mzee. Kuna nini?"

"Nimekuja kusahihisha."

Akanieleza taratibu, akitafuta maneno, maana Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na msikitini, mengine aliyaweza kwa Kirangi cha kwao tu. Mwezi ule ulipoingia Iddi alifunga mzigo. Alikuwa ameshatamka mbele ya wageni wa serikali kwamba likizo inaisha, na majirani walikuwa wamesikia. Mzee alimsindikiza mpaka barabarani, watu wakatoka kumuaga, dua ikasomwa.

"Mimi nilijua haendi kazini," alisema. "Na yeye alijua kwamba najua. Nikampungia mkono."

Tangu hapo, kimya. Mzee alikuwa amefika mpaka hiyo wizara, hawamjui. Mtu mmoja alimwambia aliwahi kumwona kwenye karakana huku mjini, Kizota, anapiga rangi milango. Tukaenda naye, tukaambiwa aliondoka kitambo, labda amekwenda machimboni kaskazini. Tulirudi ofisini.

"Sasa futa ile likizo," aliniambia. "Andika hana kazi. Andika hajawahi kuwa nayo. Ikiwa imeandikwa na serikali, atasikia, ataona hakuna tena cha kuficha. Atarudi."

Hakuna kanuni inayoruhusu nililofanya. Nilichukua dodoso jipya, nikamhoji tangu swali la kwanza, jina, kijiji, elimu ya mhitimu. Alijibu yote kwa sauti ya mtu anayeadhini, watu wakachungulia madirishani. Tulipofika kwenye kazi sikuwa na msimbo wa kuandika, maana ulikwisha futwa, nikaandika kwa maneno pembeni. Jioni nililipeleka kwa Mkurugenzi. Alilisoma, akavua miwani, akaniambia halina pa kuingia. Nililia pale pale mbele yake, na sikuomba radhi.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nilipelekwa Singida, nikarudi, nikawa Mkuu wa Kitengo mimi mwenyewe. Msimbo wa asiye na kazi uliingia hatimaye, siku mgeni mmoja mfadhili alipouliza kwa nini haupo. Siku hiyo kila mtu akaona ni wazo zuri. Nilistaafu kwa sherehe ya soda na biskuti. Sasa niko Nzuguni, nafuga kuku, na watakwimu vijana wanapita na vishikwambi vyao kunihoji kama mwanakaya. Wakiniuliza kama kazi yangu ilisaidia, huwajibu kwamba takwimu ni kazi ya heshima, ila nchi yenye aibu huhesabu vibaya. Wanaandika hayo. Sijui wanayaweka msimbo gani.

Dada yake Iddi amehamia mtaa wa pili kutoka kwangu, na ndiye aliyenipa habari kwamba mzee amefariki. Iddi hakuonekana hata mazishini. Dada huyo aliniambia mzee aliacha kuadhini tangu siku aliyorudi kutoka ofisini kwetu, lakini msikitini hakuacha kwenda. Kila Ijumaa baada ya swala alisimama mlangoni, na kila mgeni aliyepita, mchuuzi, dereva, mwalimu mpya, alimwambia neno lile lile: "Nina mtoto anaitwa Iddi. Ana shahada. Hana kazi. Mkimwona mwambieni baba yake ameshasema."