Bafu la Nyuma ya Karakana

Wanafunzi wapya wakifika chuoni kwetu hapa Kolwezi huonyeshwa ofisi ya kujiandikisha, ubao wa matangazo na kanisa, basi. Mambo mazuri wanaachiwa wayatafute wenyewe. Mimi nimekaa hapa miaka mingi kuliko ilivyopasa, kwa hiyo huja kuniuliza. Nawaambia: chumba cha nyuma cha maktaba kina soketi mbili zinazopata umeme wa jenereta hata mtaa mzima ukiwa gizani. Muuguzi wa zahanati hutoa dawa ya malaria bure ukimwonyesha kadi, ila umuwahi kabla hajaenda kula. Mama wa maharagwe karibu na maabara humwongezea kijiko mwenye kumsalimu kwa adabu. Halafu wananiuliza habari za bafu, maana siku hizi wamesikia, na hapo ndipo ninapochoka.

Nimechoka kweli. Wengine hucheka, wengine huniuliza nilikuwa nimekunywa nini. Sikunywa kitu, hata nguvu ya kunywa sikuwa nayo. Jambo hili lilinipata mimi, kwa macho yangu na kwa mkono wangu huu wa kulia, na nalisimulia tena kwa sababu kuna mzee mmoja analihitaji.

Wakati ule nilikuwa mwaka wa pili wa jiolojia. Baba alikuwa hana kazi tena, na nyumbani tulikuwa sita. Basi mchana nilisoma jinsi mawe yanavyofanyika, na usiku nilishuka na wachimbaji kuyatafuta kwa sururu. Ungecheka, lakini mimi sikucheka. Tulikuwa tunatoka shimoni alfajiri, na saa mbili majina yanaitwa darasani. Udongo ule mwekundu unaujua? Unaingia masikioni, kwenye kucha, hadi kwenye mate. Nyumbani bomba lilikuwa limekauka tangu kiangazi, na nikiingia darasani hivyo wenzangu walikuwa wanasogea benchi nzima.

Aliyenionea huruma ni mlinzi wa chuo, mzee tunayemwita Tata, yaani baba: Tata Kabeya. Ni Mkasai, babu yake aliletwa huku kutoka Kasai zamani kufanya kazi ya mgodi. Asubuhi moja alinitazama, akaniita, akanionyesha mlango nyuma ya karakana. Mle ndani kuna bafu lililojengwa kwa ajili ya mafundi wa zamani, vyumba viwili vya saruji, na bomba lake linatoka moja kwa moja kwenye tangi. Maji hayakatiki. Akanipa ufunguo wa kufuli, nimrudishie kila nikimaliza.

"Unawe mbio, uende ku masomo," akaniambia. "Lakini sabuni usibebe. Inabakia humu."

Nilidhani ni ubahili wa mzee. Kipande cha sabuni kilikuwa pale daima, juu ya ukuta mfupi unaotenga vyumba, na kila kikikaribia kuisha aliweka kingine. Nilioga hivyo karibu miezi miwili. Niamini, sijapata raha kubwa zaidi ya ile katika maisha ya chuo.

Sasa sikiliza. Jumatatu moja nilitoka shimoni nimechoka vibaya, nikitembea huku nasinzia. Nilichukua ufunguo kwa Tata Kabeya, nikafungua kufuli, nikaingia, nikavua. Nikasikia maji ya chumba cha pili yanatiririka. Kuna kijana anaoga. Je, nilishtuka? Hapana. Nilifurahi kumwona mwingine mwenye shida kama yangu, maana alikuwa mwekundu kuanzia utosini. Kwenye msumari alikuwa ametundika silabusi, kitini cha masomo ya chuo, iliyofungwa ndani ya mfuko mweusi wa plastiki.

"Yaya, nisugulie mugongo," akasema, akiniita kaka. "Mukono yangu haifike."

Wachimbaji husuguana mgongo kwa kipande cha gunia, si jambo la kuonea haya. Nikachukua gunia langu, nikampaka sabuni, nikasugua. Udongo ukatoka. Nikasugua tena, ukatoka mwingine, mzito, wenye ubaridi wa kule chini. Kila nikisuuza, mgongo unarudi kuwa mwekundu. Nilisugua mpaka bega likaniuma, na hata wakati huo sikuwaza kitu isipokuwa kwamba maskini huyu amekaa chini muda mrefu.

"Banaisha kuita majina?" akaniuliza, yaani wamekwisha kuita darasani?

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa kuchelewa. Ilinichoma moyo, kwa sababu swali hilo nilikuwa najiuliza mwenyewe kila asubuhi njiani, na kila asubuhi nilijijibu jibu lile lile.

"Bado," nikamwambia. "Uko na wakati."

"Asanti, yaya. Basi niendelee kunawa."

Nikaoga, nikavaa, nikamuaga, nikatoka. Nilipolishika kufuli ndipo nikasimama. Kufuli nililifungua mimi mwenyewe, kwa nje. Mlango ni huo mmoja, na dirisha hakuna. Yule aliingia wapi? Nikachungulia ndani. Maji ya chumba cha pili yalikuwa yamefungwa, na sakafu yake ilikuwa kavu, imejaa vumbi. Msumari ulikuwepo, mfuko haukuwepo.

Sijui nilifikaje kwa Tata Kabeya. Nilimpa ufunguo, ukaanguka chini.

"Tata, mule ndani muko mutu."

Hakushangaa. Aliniuliza tu, polepole, "Eko na silabusi?"

"Iko mu sashe mweusi, ku musumari."

"Ile sashe njo mi nilifunga," akasema. "Nilifunga juu ya mvua, isilowe."

Ndipo akanieleza. Alikuwa na mwana, Crispin, mwanafunzi kama mimi na mchimbaji kama mimi. Alishuka Jumapili jioni na silabusi yake, ili Jumatatu apitie hapa kuoga na kuwahi mtihani. Shimo likaporomoka, likamfunika. Hawakumtoa mpaka leo. Mzee akaomba kazi ya ulinzi chuoni, na tangu hapo anaweka sabuni.

"Alikuambia nini?"

"Aliuliza kama banaisha kuita majina."

"Na weye?"

"Nilimuambia bado."

Tata Kabeya alivua kofia, akaishika magotini. "Juu ya nini bote munamuambia bado?" akauliza sababu. "Weye ni wa tatu. Ungemuambia ilisha kuisha. Ungemuambia arudie ku nyumba. Angelala."

Nilimuuliza kwa nini asimwambie yeye mwenyewe, baba mtu.

"Kwangu haonekane. Anaonekana na bale banatoka mu shimo tu, na mi sikushuka hata siku moya." Akanitazama. "Leo magaribi unashuka?"

Nikasema ndiyo.

"Basi kesho ukitoka, upite. Umuambie."

Nilikubali. Akauokota ufunguo, akanishika mkono anikabidhi. Akakiona kiganja changu. Mistari yote ilikuwa myekundu, na nilikuwa nimetoka kuoga. Alikishika muda mrefu, akikisugua kwa kidole gumba, wekundu hautoki. Kisha akakunja vidole vyangu, na ufunguo akautia mfukoni mwake.

"Hapana, mutoto," akasema. "Usishuke. Moya inatosha."

Sikushuka tena. Usinisifu, haukuwa ushujaa, miguu ilikataa. Nikaanza kuuza vocha za simu getini, masomo yakachukua miaka miwili zaidi. Mara tatu nilimwomba Tata Kabeya anifungulie, nikakaa mle ndani alfajiri na ile sentensi mdomoni. Nilikuwa msafi mno. Hakuja mtu. Kiganja hiki, kitazame, hakijawahi kutakata, na mzee bado anakaa pale kwenye kiti chake, akitutazama usoni sote tunaopita asubuhi. Naona aibu kumsalimu.

Kwa hiyo ndiyo, bafu lipo, na maji yake ni mazuri. Oga, na sabuni uiache. Lakini ukimkuta kijana anayesugua udongo usiokwisha, ujue umemwona kwa sababu ya mahali unapotoka, na usirudi huko, nakusihi. Kabla hujakimbia, msugue mgongo. Akikuuliza, usimwambie bado kama nilivyomwambia mimi. Mwambie majina yalishaitwa, masomo yameisha, na baba yake yuko nje na ufunguo.