Shoka la Kumwachia Mkeo

Nakumbuka siku moja babu yako alinipakia kwenye baiskeli kutoka Nkowe mpaka Nachingwea, kwenda kunitafutia shoka. Utacheka, mjukuu wangu, maana nyinyi wa bodaboda safari kama ile mnaiona adhabu. Mimi nilikuwa mke mpya, nimekaa upande nyuma ya mume wangu, wala sikutaka tufike.

Alikuwa anaondoka kwenda Dar es Salaam kutafuta kibarua. Nilikuwa na mimba ya baba yako, na kuni ningezipasua mwenyewe. Shoka lake lilikuwa refu, zito, la mwanamume wa miraba minne. Jirani yetu mmoja aliachiwa la namna hiyo na mumewe. Lilimponyoka likampiga mguuni, na mpaka anakufa alikuwa anachechemea. Babu yako alikuwa hapati usingizi kwa kuwaza jambo hilo.

Dukani nikaona shoka jekundu linang'aa, nikalipenda papo hapo. Hakunibishia. Alisema tu, "Lishike mwisho wa mpini, nyoosha mkono mbele, halafu tuzungumze." Tukaanza habari za mama mkwe, na kabla hatujafika mbali mkono ulikuwa unatetemeka. Akanionyesha na mistari ya mti kwenye mpini, imekatiza upande badala ya kufuata urefu. "Huu utakuvunjikia," akasema, akalirudisha.

Tukaenda kwa mhunzi, mzee wa Kimakonde aliyefua mashoka kwa springi za magari. Shoka lake lina mkia unaopenya kichwa cha mpini, na kila ukipiga unazidi kuingia, haliruki. Babu yako akapiga nalo gogo kavu la mpingo, akakagua makali. Yakijikunja, chuma ni laini mno. Yakimeguka, ni kigumu mno. Alijaribu kadhaa, na alipopata lililobaki zima, akanipa nipige mimi. Mhunzi akamshangaa.

"We kijana, mwanamke naye anajaribishwa shoka?"

"Si ndiye atakayelitumia?" akajibu babu yako. Akamwomba aukate mpini, akaupima kwenye mkono wangu, kutoka kwapani mpaka vidoleni.

Akaondoka. Mtoto akazaliwa, akatambaa, akatembea, baba yake hayupo. Kila nikipasua kuni nilikuwa kama namsikia akiniambia, angalia miguu yako. Nilimtamani mume wangu, mwanangu, nisikufiche. Alirudi, tukazeeka pamoja, na sasa amelala makaburini. Mmeniletea gesi, ahsanteni, lakini asubuhi isiyo na kuni za kupasua ni ndefu, na namkumbuka mpaka nalia.

Sasa na wewe unakwenda kazini Ruangwa, unamwacha mkeo hapa Marambo na shoka lako. Jana nimemwona akilinyanyua, linamvuta mbele. Usimwachie hilo. Kabla hujafunga mizigo, nenda naye kwa mhunzi. Mwache alishike, anyooshe mkono, apige mwenyewe. Kagua makali, kagua mistari ya mpini, rangi achana nayo. Shoka zuri ni lile linalomtosha anayebaki nyumbani, na kumchagulia ni sehemu ya kumpenda.

Nenda, Mungu akupe riziki huko, akurudishe ukiwa mzima, na siku utakayorudi mkeo aje mbio kukupokea, kwa miguu yake yote miwili.