Wageni Niliowatembeza Ujiji

Wiki mbili zimepita, na bado nikipita ufukweni Ujiji nainamisha uso. Kazi yangu ni kutembeza wageni kwenye mambo ya kale, na asubuhi ile niliambiwa kuna walimu wanakuja kutoka Tabora.

Niliwakuta watu kama kumi wamesimama karibu na mwalo, pale boti zinapotia nanga, mmoja kavaa suti, wanawake wamefunga vitenge vizuri. Sikuuliza kitu. "Karibuni, walimu! Nifuateni," nikasema, nao wakanifuata kimya. Nikaona hiyo ndiyo adabu ya wasomi.

Nikawapeleka kwenye njia ya zamani ya misafara. Nikawaeleza jinsi watumwa walivyovushwa ziwa kutoka Kongo, wakafika hapa hoi, wengine wamepotezana na watoto wao. Mama mmoja akaanza kulia. Mimi, mjinga wa watu, nikajisifu moyoni kwamba leo nimesimulia kweli kweli. Nikapandisha sauti, nikaeleza jinsi mama alivyokuwa akiita mwanawe asiitikiwe.

Nilipomaliza nikauliza kama kuna swali.

"Asante, kaka," yule wa suti akasema kwa upole. "Ila sisi si walimu. Tumevuka ziwa leo asubuhi, tumekimbia vita. Tulidhani unatupeleka kwa wanaoandikisha wakimbizi." Akageuka kumtazama yule mama. "Mtoto wa huyu amebaki ng'ambo. Anauliza, akiandikisha jina la mtoto, watamtafuta?"

Mama alikuwa amejifuta machozi, ananitazama mimi, anangoja jibu.