Kete za Nyasho Hazili Nyuma

Mlio wa kizibo cha soda kikipigwa juu ya ubao ulinifikia kabla ya sauti za watu. Ulipita juu ya ukuta wa ua wa shangazi, ukapenya moshi wa mapanki, yale mabaki ya sangara, kichwa na mifupa, ambayo wanawake wa mtaa walikuwa wameanza kuyakaanga na kuyauza, ukanikuta nimeinama nasugua masizi ya sufuria. Pa! Kisha kimya. Kisha pa-pa-pa, na kicheko cha watu wengi kwa pamoja. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mgeni Musoma, na kile kicheko nilikitamani kuliko chakula.

Baba alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kule Bunda. Miaka ile watu wazima walikuwa na neno jipya midomoni, soko huria, na walilitamka kama jina la mgeni ambaye hajaonekana lakini tayari amewahamisha watu vyumba. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao, kiwanda kikapunguza wafanyakazi, na baba akawa mmoja wa waliopunguzwa. Alikwenda Buhemba kuchimba dhahabu. Mama aliwachukua wadogo zangu wawili akaenda kulima shamba la bibi kule Buswahili. Mimi nikaletwa kwa shangazi, mtaa wa Nyasho, kwa sababu walisema nina kichwa cha shule. Hakuna aliyeniuliza. Hadi leo najiuliza familia inapogawanywa ni nani anayepanga huyu aende huku na yule kule, na kwa nini wote wanakubali upesi hivyo. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Alirudi kutoka kwenye biashara yake amechoka hata kuzungumza, basi tulikula kimya. Barua ya baba haikuja mwezi wa kwanza, wala wa pili, wala wa nne.

Kicheko kilitoka kwenye kibaraza cha duka la ushirika lililokwisha kufungwa. Kila jioni watoto saba au wanane walitandika pale ubao wa drafti uliochorwa kwa mkaa kwenye kipande cha plaiwudi. Mkubwa wao alikuwa Masatu, wa darasa la saba, ambaye sikupata kujua nani alimchagua. Sheria yao ya kwanza ilikuwa kwamba hukai ubaoni mpaka uje na kete zako mwenyewe, vizibo kumi na viwili vya soda ya aina moja. Walisema imekuwa hivyo tangu zamani. Labda iliwahi kuwa na maana katika miaka ya uhaba, soda ilipokuwa ya harusi na Krismasi tu, na mwenye vizibo kumi na viwili vinavyofanana alikuwa mtu aliyehangaika kweli. Lakini wakati wangu soda zilijaa kila kioski. Uhaba ulikuwa umepita, sheria yake ikabaki imekaa mlangoni. Hata hivyo niliitii. Kwa wiki tatu niliokota vizibo nyuma ya baa na pale stendi, nikavinyoosha kwa jiwe, nikaenda.

Mchezo wangu wa kwanza haukufika mbali. Niliona kete ya Masatu imeachwa wazi nyuma ya kete yangu, nikairuka na kuiokota, kama baba alivyonifundisha.

"We! Rudisha," alisema. "Kete hailigi nyuma mpaka iwe kingi."

"Kwetu inakulaga."

"Kwenu wapi?"

"Bunda."

Aliwageukia wenzake. "Kumbe Bunda hata ng'ombe wa plau wanalimaga kinyumenyume!"

Walicheka mpaka mmoja akashuka kibarazani. Tangu siku hiyo waliniita Bunda. Jina langu hawakuliuliza, na mimi sikulitaja. Kesho yake nilirudi, na kesho kutwa, nikajifunza kucheza kama wao, mbele tu. Nilijiambia kwamba baba alikosea. Baada ya miezi miwili nilikuwa nawafunga wote isipokuwa Masatu, na nikapata mahali pangu pa kukaa, pembeni ya nguzo. Nilidhani upweke ungekoma hapo. Haukukoma. Kila nilipokaa nilikuwa nikichunga nisije nikaonyesha nilikotoka.

Ndipo akaja Wegesa, wa umri wangu, mama yake amepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kete zake zilikuwa za kila aina, amezifunga kwenye kipande cha kanga. "Mwacheni aingie na mchanganyiko wake, tucheke," alisema Masatu. "Katoka Buhemba huyo. Bunda, mjaribu."

Niliposikia Buhemba nilimtazama upya. Huyu alikuwa mtu wa kwanza niliyekutana naye aliyetoka kule alikokwenda baba. Angeweza kuwa amemwona, mtu mrefu, kidole cha shahada kimekatwa na mashine. Niliamua kwamba mchezo ukiisha nitamfuata hadi kwao nimuulize. Tukaanza. Alicheza taratibu, akiuma mdomo, na tulipofika katikati kete yake iliruka mbele ikala, kisha ikageuka na kula nyuma, mbili kwa mkupuo. Lilikuwa pigo zuri. Nililijua, kwa sababu baba alilipenda pigo hilo hilo. Wote waliacha kumtazama Wegesa wakanitazama mimi.

"We mtoto wa mashimoni," nilisema, "huko mnachezaga gizani au? Rudisha!"

Hakuna mzaha wangu uliowahi kuchekwa kiasi hicho. Masatu alinipiga begani. Wegesa alizirudisha kete zangu mbili kila moja mahali pake hasa, akakusanya za kwake, akafunga kanga.

"Haya, dada," alisema. "Waliniambia umetoka Bunda. Nilidhani unajua."

Siku mbili niliona aibu kupita kwao. Siku ya tatu nilikwenda. Mpangaji mwenzao alikuwa anafagia chumba kitupu. Alisema mama yake Wegesa amepata biashara ya dagaa, wameshaondoka na gari la Kisorya wavuke ziwa kwenda Ukerewe. Nilirudi kibarazani, mahali pangu pembeni ya nguzo pakiwa wazi kunisubiri, nikakaa. Baba alikuja kututafuta mwaka uliofuata, amekonda, na hakupenda kusimulia alikotoka.

Sasa nipo chuo kikuu, na ukumbini kuna meza ya drafti yenye kete za plastiki na karatasi ukutani isemayo wageni wote mnakaribishwa. Ni kweli hatuchekani tena. Wiki iliyopita binti wa mwaka wa kwanza aliketi mbele yangu, na mchezo ulipokolea kete yake ikala nyuma. Wenzangu watatu walimsahihisha papo hapo kwa sauti za upole, mmoja akamwonyesha sheria kwenye karatasi. Alisema samahani. Hakuna aliyemuuliza kwao wanachezaje, na kwa upole ule ule wangemfanya asahau. Ukarimu wetu umepata adabu ambayo ule wa Nyasho haukuwa nayo, lakini sina hakika kwamba umekwenda mbali zaidi ya hapo. Binti alinyoosha mkono kuirudisha kete.

"Iache," nilisema. "Nimeliwa."

"Dada, unaharibu mchezo," mmoja alinung'unika. Niliiondoa kete yangu mwenyewe kwenye ubao, nikacheza, nikafungwa. Wegesa hakuwapo kuona.